Ngazi ya Mwalimu Mhimili

Shemeji yangu alikuwa mwembamba hivi kwamba mimi, fundi wa nguo, kila nikimshonea suruali kitambaa kilibaki cha kumtosha mtu mwingine. Ndiyo maana wageni walicheka waliposikia wanafunzi wakimwita Mhimili. Walidhani ni kejeli. Haikuwa kejeli hata kidogo. Jina lilitoka kwenye somo lake moja la Kiingereza, na mtu aliyepita mikononi mwake akalisahau somo lile, mimi sijamwona.

Alifundisha Kiingereza sekondari. Mke wake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alifundisha hesabu shule hiyohiyo, darasa la jirani, ukuta kwa ukuta. Mimi nilihamia kwao mume wangu alipofariki. Nilisema nakuja kupumzika wiki mbili. Meza ya cherehani ikawekwa barazani, wateja wakanifuata, nywele zikaanza kuwa nyeupe nikiwa palepale.

"Cherehani," shemeji alikuwa akiniita, kwa ajili ya kazi yangu na kwa ajili ya mdomo wangu, "hivi wiki mbili zako zinaisha lini?"

"Zikiisha utakula nini wewe, na mkeo anapika kwa kupima na rula?"

Basi tunacheka wote, na dada anacheka kuliko sisi. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Somo lenyewe lilihusu maneno ya Kiingereza ya kumshikilia mtu asianguke au kumtia nguvu. Shemeji alituambia Waingereza wana maneno ya namna hiyo tele, na kamusi huyatia yote kapu moja kana kwamba ni mapacha. Yeye hakukubali. Alisema ni ndugu wa mama mmoja, lakini kila mmoja ana tabia yake, na ukimtuma huyu kazi ya yule utaharibikiwa. Kwa hiyo aliyapanga kama vipago vya ngazi, akayachora ubaoni, na sheria yake ilikuwa moja tu: neno halitamkwi mpaka ulifanye kwa mwili.

Nalijua somo hilo kuliko sala zangu, maana kila mwaka alilifanyia majaribio sebuleni kwetu, na sisi wawili tulikuwa wanafunzi tusiolipa ada. Kipago cha chini kabisa kilikuwa "carry". Mwenye misuli anambeba mwenzake mgongoni, na shemeji anauliza, "Aliyebebwa anafanya kazi gani?" Darasa zima linajibu, "Hakuna!" Juu yake "hold up": wawili wanamshika mtu makwapani, naye angalau nyayo zinagusa chini. Halafu "prop", ambalo alilionyesha kwa mpini wa ufagio chini ya meza iliyovunjika mguu. Halafu "brace", mkono uliofungwa kwa rula mbili na kitambaa, nusu nguvu ya rula, nusu ya mkono wenyewe. Halafu "strengthen", na hapo hakuna tena kushika. Mtu anachuchumaa na kuinuka mwenyewe, mwenzake anamhesabia tu.

"Kila ukipanda," alikuwa akisema, "wewe unafanya kidogo zaidi, yeye anafanya zaidi."

Juu kabisa aliweka "stand by". Hapo ndipo alipolihitaji godoro langu. Alilibeba kichwani hadi shuleni na kulirudisha limejaa vumbi la chaki, na kila mwaka niliapa kuwa ni mara ya mwisho. Alilitandika sakafuni kando ya benchi refu. Mwanafunzi mmoja anapita juu ya benchi macho yamefumbwa, mwenzake anatembea ubavuni kwake mikono wazi, karibu kabisa, bila kumgusa. Akimgusa, wanaanza upya.

Dada alikicheka sana kipago hicho. "Yaani kusimama tu nako ni kusaidia?" alisema. "Nguvu uliyotoa hapo ni sifuri, na sifuri haibebi kitu, mume wangu." Halafu anaunganisha kidole gumba na cha shahada, anafanya duara, anamchungulia mumewe katikati yake kama anayechungulia tundu la mlango.

"Mtazame usoni huyo wa sifuri," shemeji anajibu. "Aliyebeba mtu anatweta, lakini huyu ndiye anayetoka jasho."

"Jasho halimo kwenye mlinganyo wangu."

"Basi peleka mlinganyo wako kule upande wako wa ukuta!"

Ubishi huo ulidumu maisha yao yote ya ndoa. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na sidhani kama walitaka.

Dada alipigwa na kiharusi Jumamosi moja asubuhi, jikoni. Shemeji alikuwa sebuleni anasahihisha insha. Alisikia sufuria ikianguka, akauliza, "Vipi huko?" akamalizia kusahihisha sentensi aliyokuwa nayo, ndipo akainuka. Sentensi moja tu. Madaktari walimwambia kuwa sentensi hiyo haikubadilisha chochote, na mimi nilimwambia hivyo mara nyingi hadi sauti ikanikauka. Hakuamini. Mtu akishaamua kujihukumu, hata umletee mashahidi wote wa dunia, atawafukuza mahakamani.

Dada alirudi kutoka hospitali upande wake wa kulia umelala, mkono na mguu. Akili yake ilikuwa palepale, ukimtazama machoni unamwona mzima, amekaa humo ndani anakusubiri. Lakini maneno yote yalimkimbia, likabaki moja: bado. Ukimuuliza amelala vizuri, bado. Ana njaa, bado. Akiwa na hasira, bado, bado, bado. Mwalimu aliyekuwa akipigiwa makofi kwa kueleza hesabu ngumu kwa lugha nyepesi amebaki na neno moja. Nilikwenda kulilia nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, ili asinione.

Shemeji alianza kumbeba. Asubuhi kabla ya shule alimbeba kutoka kitandani hadi bafuni, kutoka bafuni hadi kwenye kiti cha dirishani. Saa ya mapumziko alikuja mbio, tai ikipepea begani, akambeba tena, akarudi darasani akitweta. Mimi nina nguvu kumzidi, mikono yangu imezoea marobota ya vitambaa, lakini alikataa nisimguse. "Huyu ni wangu," alisema. Na alimbeba kwa upole ulioniuma kuutazama.

Yule mama wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kutoka hospitali alimweleza waziwazi. "Mwalimu, ukimbeba kila siku, mguu wake utasahau kazi. Msimamishe, mwache ahangaike. Mguu una uwezo, nimeupima." Shemeji aliitikia kwa heshima zote, akamsindikiza hadi njiani, akarudi ndani na kumbeba mkewe.

Nilivumilia hadi nikachoka. Siku moja nilimzuia ukumbini, mikono kiunoni.

"Shemeji, leo tutakosana. Ngazi yako darasani unaipanda mpaka juu. Humu ndani umeganda kipago cha chini kabisa! Mbona?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliegemea ukuta, akasema, "Darasani chini kuna godoro, Cherehani. Pale hakuna anayeanguka kweli."

"Mama wa mazoezi amesema..."

"Namwona akianguka kila nikifumba macho. Kila nikifumba. Nikimshika mikononi ndipo nafsi inatulia. Sasa niambie nimwachie vipi."

Nilirudi kwenye cherehani nikashona pindo likaenda upogo.

Halafu ikaja habari nyingine. Shemeji alikuwa na kifua kinachombana, akawa anasema ni chaki, tena ni vumbi, mara ni uzee. Nilimburuta hospitali mwenyewe. Daktari, kijana mtulivu, alimpima, akampiga picha, akatuketisha. Moyo umetanuka na umechoka, alisema. Dawa atakunywa maisha yake yote, na zitasaidia, lakini kunyanyua kitu kizito ni marufuku kuanzia leo.

"Mke wangu si kitu," shemeji alisema.

Daktari aliinamisha macho. "Najua, mzee. Lakini ni mzito."

Njiani aliniomba nisimwambie dada. Nilimjibu kuwa siri kwangu hazipati pa kulala, na hilo alilijua tangu siku niliyohamia. Tulipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, nikapiga magoti mbele ya dada yangu, nikamweleza yote, moyo, dawa na marufuku. Sikupamba wala kupunguza neno. Alinisikiliza, akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Bado," akasema, taratibu. Sijawahi kusikia neno fupi likiwa na hofu nyingi hivyo.

Kwa hiyo mambo yetu yalikuwa wazi. Ama dada asimame kwa miguu yake wakati moyo wa mumewe ungali unapiga, ama siku moja adondoke yule aliyebeba, na aliyebebwa adondoke naye. Sote watatu tulilijua hilo. Na asubuhi iliyofuata shemeji aliamka, akakunja mikono ya shati, akaenda kumbeba.

Dada akakataa. Alijifanya mzito, akashika ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Alipoona mumewe hasikii, aliachia ubao, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akafanya duara, akamwonyesha.

"Anataka kikombe," shemeji akasema. Akaleta chai. Dada akaigeuzia uso.

Kwa siku kadhaa duara lile lilitusumbua. Shemeji alileta bangili, akaleta miwani, akaleta sahani. Mimi, kwa ufundi wangu, nikaamua ni kifungo, nikamletea kifungo kikubwa cha koti. Alikichukua akanirushia, kikanigonga paji la uso, na nakiri kuwa nilifurahi kuona mkono wa kushoto una shabaha namna ile. "Bado! Bado!" Alikuwa akitutazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wazembe wiki ya mtihani. Tulikuwa tumesahau. Nyumba ikishaingiwa na ugonjwa, vicheko ndivyo vya kwanza kusahaulika, na duara lile lilikuwa la siku za vicheko.

Aliyekumbuka ni shemeji. Alikuwa ameinama, mkono mmoja tayari chini ya magoti ya dada, nyuso zao zimekaribiana. Dada akaleta lile duara jichoni kwake, akamchungulia katikati yake.

Shemeji aliganda vilevile ameinama. "Sifuri," akasema.

Dada akapumua pumzi ndefu.

"Unataka nikupe sifuri."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na alilia kwa sauti, mtu mzima, makamu mkuu wa shule, tai shingoni. Dada alimpapasa kichwa kwa mkono ule mzima mpaka akamaliza. Mimi sikungoja kuambiwa. Nilikwenda chumbani kwangu nikalivuta godoro langu, nikalitandika chini, kando ya kitanda chao. Mara hii sikuapa kitu.

Shemeji akasimama kando yake, karibu kabisa, mikono wazi. Dada akasukuma kitanda kwa mkono, akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu alisimama, akayumba, na nikaona mikono ya shemeji ikimfuata huku na huku bila kumgusa, jasho linamtiririka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola. Kisha dada akaanguka. Alianguka juu ya godoro, ubavu mzima, na mume wake alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Lakini dada alikuwa hai, amelala pale chini anatutazama. "Bado," akasema, na safari hii sote tulielewa alichomaanisha.

Sitadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Aliapiza kwa neno lake moja, alinitupia kila kilichokuwa karibu, kuna wiki alikataa hata kuketi. Shemeji naye alirudia ugonjwa wake wa kushika: nikigeuza mgongo tu, ameshamshika kwapani. Dada akamwonyesha duara, naye akarudisha mikono yake kama aliyeungua. Mama wa mazoezi alileta gongo la kutembelea na kamba ya kujivutia, akatusifia. Maneno mengine yalianza kurudi moja moja: maji, hapana, wewe. Jina alilomwita mumewe, Mwalimu, lilirudi kabla ya langu, nikanuna siku nzima. Polepole dada alifika dirishani, halafu mlangoni, halafu jikoni, na kila alipokwenda shemeji alikuwa ubavuni kwake, hatua kwa hatua, mikono wazi. Walionekana kama watu wanaocheza dansi iliyokataza kushikana.

Jioni moja nilimuuliza shemeji kama amezoea sasa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha barazani anapumzisha kifua, mimi natia uzi.

"Sijazoea," akasema. "Nilifundisha neno lile miaka yote, nikawaambia watoto ndilo gumu kuliko yote. Nilikuwa nasema tu, shemeji yangu. Sikulijua."

Aliniita shemeji yangu, si Cherehani. Nikajua moyo unamuuma, na si kwa ugonjwa.

Shemeji alifariki mchana, baada ya chakula. Alisema anajinyoosha kidogo kabla ya kurudi shuleni. Mimi nilikuwa barazani nashona sare ya shule, mashine inanguruma, sisikii kitu. Nilipoinua uso, dada alikuwa amesimama mbele yangu, amelishika gongo.

Kwanza sikuelewa nilichokiona. Kutoka chumbani kwao hadi barazani kuna ukumbi wote, kuna kizingiti cha sebule, kuna ngazi moja ya kushuka ambayo hata wazima hujikwaa. Alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile bila mumewe kando. Nilitazama nyuma yake nimwone shemeji anayemfuata kwa mikono wazi. Hakukuwa na mtu.

"Mwalimu," dada akasema. Akatafuta neno. Niliona akilitafuta, uso wote ukijikunja, na mimi nimeshalijua, namwomba Mungu asilipate. "Mwalimu... hapumui."

Njia ile yote aliipita peke yake ili aniletee maneno mawili. Nilimkumbatia nikapiga kelele, na yeye, mwenye gongo, ndiye aliyenishikilia mimi nisianguke.

Siku ya msiba wanafunzi walijaa uani hadi njiani, wa zamani kwa wa sasa, watu wenye mvi na watoto wenye sare nilizozishona mimi. Tulimwekea dada kiti mlangoni pa sebule, apokee pole akiwa ameketi. Alikaa kidogo. Alipowaona wa kwanza wanakuja, aliegemeza gongo lake kwenye kiti, akainuka.

"Mama, keti, utachoka," mmoja akamwambia.

"Bado," akajibu.

Wakapita mmoja mmoja, wanamshika mkono wa kulia, ule uliolala, kwa mikono yao miwili. Yule aliyembeba mwenzake mgongoni miaka ile, yule aliyefungwa rula mbili, yule aliyepita juu ya benchi. Wengine walijaribu kumtajia somo, wakashindwa, wakalia tu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliuona mguu unaanza kutetemeka ndani ya gauni jeusi, na watu bado ni wengi, na mbele ya umati ule hakukuwa na godoro. Nikasogea. Nikainua mikono nimshike kiunoni.

Mkono wake wa kushoto ukaja nyuma, taratibu, mahali ambapo ni mimi tu niliyeweza kuuona. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada.

Sikumgusa. Nilisimama hapo, mikono wazi, jasho linanitoka mwili mzima, mpaka mtu wa mwisho alipopita.